Mtu wa Rangi ya Ukuta

Wifi yangu alikuwa na wivu. Silisemi hili kumsengenya, alilisema mwenyewe mbele za watu, kama mtu anavyosema ana pumu. "Mimi nina wivu, wifi. Usiniambie niuache. Niambie niuweke wapi." Tukicheka, naye anacheka. Kaka yangu, mumewe, ndiye alikuwa hacheki, maana ndiye aliyekuwa analala nao.

Haya ninayosimulia alinieleza yeye kwa kinywa chake, tumekaa jikoni kwangu mchana kweupe, chai ikapoa mpaka nikaimwaga. Yaliyobaki nimeyaona kwa macho yangu. Usipoyaamini, hewala, lakini usinicheke.

Kaka ni mpima majengo. Ana mtambo wa leza wenye miguu mitatu. Anausimamisha katikati ya chumba, anabonyeza, anatoka na kufunga mlango, na mtambo unabaki peke yake ukizunguka na kurusha mwanga ukutani. Ukimaliza, umeleta mamilioni ya nukta, na kila nukta inasema: hapa pana kitu, umbali wake huu. Ila nukta hazina rangi. Kwa hiyo baadaye mtu huingia na kamera, akapiga picha za chumba kile kile, na ofisini mtu mwingine hukaa na kompyuta akazilaza nukta juu ya picha mpaka kila nukta ipate rangi ya mahali pake.

Huyo wa kompyuta alikuwa Wifi. Ukutani hubandikwa karatasi ndogo zenye miraba myeusi na myeupe. Wifi alikuwa anagusa kona ya karatasi kwenye picha, halafu kona ya karatasi ile ile kwenye nukta, moja baada ya nyingine, mpaka programu imwambie kosa limeshuka chini ya milimita mbili. Likiwa tatu, hapati usingizi. Ndiyo maana kaka alimwita Milimita, na ofisi nzima ikamwita hivyo, ingawa ofisi nzima ilikuwa watu watatu na vyumba viwili juu ya duka la miwani.

Zamani kamera nayo ilikuwa yake. Miaka kumi na minne walikwenda wawili kila nyumba, yeye na mumewe, bega kwa bega. Halafu akaanguka kwenye ngazi kazini, kiwiko cha kushoto kikavunjika na kikaunga vibaya, mkono ukabaki umepinda kwa nje kama mkono wa birika. Kamera ikawa inamtetemeka. Kaka akamwambia, "Mke wangu, wewe tulia ofisini," akaajiri mpiga picha.

Mpiga picha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, mchangamfu, anacheka hata akiulizwa saa. Walimwita Kicheko. Jamani, hebu fikiria. Ungekuwa wewe, mwenye wivu wako uliokomaa, mumeo anatoka kila asubuhi na Kicheko, wanaingia nyumba tupu zisizo na watu, wanafunga milango. Wifi aliniambia roho ilikuwa inamuuma kuanzia gari linapowaka mpaka linaporudi. Hakuogopa kingine duniani. Aliogopa kumpoteza yule mwanamume, basi.

Sasa, kazi hiyo ina vituko viwili ambavyo wao walivizoea. Mtu akipita wakati wa leza, na kwenye picha hayupo, nukta zake zinapakwa rangi ya kilicho nyuma yake, unaona mtu mzima wa rangi ya ukuta. Na mtu akiwa kwenye picha tu, kwenye leza hayupo, sura yake inabandikwa bapa ukutani. Huyo walimwita bango. Wote wawili hufutwa, ila kwa sheria, na sheria aliitunga Wifi mwenyewe: hakuna kufuta kabla ya kupima. Kila kinachofutwa hupimwa kwanza urefu na mahali, kikaandikwa kwenye daftari la kijani. Waliwahi kufuta bomba la maji wakidhani ni takataka, na fundi akalipasua.

Jumanne moja Wifi alifika ofisini na chupa yake ya chai, akafuta kioo cha kompyuta, akafungua nyumba mpya. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja iliyokaa tupu miaka mingi, wenyewe wanataka ikarabatiwe. Kaka na Kicheko walikuwa wameipima Jumatatu, na Jumanne hiyo walirudi kumalizia nje. Akaanza na sebule. Karatasi sita, kosa milimita moja. Akatabasamu peke yake. Akaamuru rangi ziingie kwenye nukta.

Kando ya mlango wa kwenda ukumbini alisimama mtu.

Alikuwa mwanamke. Amesimama kiubavu, bega la kulia mbele, uso ameugeuzia mtambo. Rangi yake ilikuwa ya ukuta: kijani kilichopauka mpaka kiunoni, nyeupe juu. Ufa wa ukutani ulimpita usoni, kutoka jichoni mpaka kidevuni. Sura huwezi kuitambua, maana uso wa nukta ni kama uso wa mtu aliye nyuma ya pazia, lakini alikuwa mwanamke, na alikuwa ametulia. Watu wakipita kwenye leza hutoka wamepakazika, hata mtu akisimama, kifua chake huchezacheza kwa pumzi. Huyu nukta zake zilikuwa kali kama za kabati.

Wifi akashika simu.

"Bwana, jana sebuleni alibaki nani wakati wa kupima?"

"Hakubaki mtu. Tulitoka sote, nikafunga. Si sheria yako?"

"Sote nani?"

Kaka akanyamaza kidogo. Kimya chenyewe hakikufika pumzi mbili, lakini Wifi alikipima. "Mimi na mpiga picha," kaka akasema. "Nani mwingine?"

Akakata simu, akafungua ukumbi. Mwanamke yuko. Hatua tano kutoka mtambo, wakati sebuleni alikuwa saba. Akafungua chini ya ngazi. Yuko, hatua nne. Akafungua ngazi juu. Yuko. Chumba cha kwanza, yuko. Cha pili, yuko. Kila chumba karibu zaidi, kiubavu vile vile, bega la kulia mbele, uso umeugeukia mtambo. Mtambo huona upande wa kitu unaoutazama tu, kwa hiyo Wifi alipoizungusha picha akamtazama kwa nyuma, nyuma hapakuwa na kitu. Alikuwa ganda. Aliuona uso kwa ndani, kama mtu anayechungulia ndani ya barakoa.

Chumba cha saba kilikuwa cha kulala. Hapo mwanamke alikuwa ameinama juu ya mtambo kabisa, kama anayemnong'oneza mtu.

Mimi ningekimbia. Nakwambia kweli, ningeiacha hata mikoba. Lakini wivu, mwanangu, hauna macho ya kuona kingine. Wifi hakuona ganda wala ufa usoni. Aliona mwanamke, chumba cha kulala, mlango umefungwa, na mumewe amenyamaza kwenye simu. Lisemwalo lipo, akajiambia. Na daftari la kijani lilikuwa pale pale, karibu na kiwiko chake. Hakuligusa. Mtu wa kupima hata biskuti, siku hiyo hakupima, kwa kuwa aliona jibu analo tayari.

Saa saba mchana Kicheko aliletwa na bodaboda kuleta kadi za picha za nje. Safari hii hakucheka. Aliziweka mezani akabaki amesimama.

"Dada," akanong'ona, "nyumba ile sirudi."

"Kwa nini?" Wifi naye akanong'ona, bila kujua kwa nini ananong'ona.

"Kila nikipiga picha nasikia mtu yuko nyuma yangu. Ananukia mafuta ya nywele. Haya haya yako." "Chumba cha kulala nikageuka nikasema, shikamoo dada, karibu. Nilijua ni wewe. Hapakuwa na mtu."

Wifi akamwangalia kuanzia unywele mpaka kidole cha mguu. Alisikia kejeli tupu. Mwanamke kaingia na mumeo chumbani, halafu anakuja kukutania kwa mafuta yako!

"Toka," akasema.

Akabaki peke yake. Akarudi sebuleni, kwenye kompyuta, akamzungushia mstari yule mwanamke kama unavyokata kiraka kwenye kitambaa. Programu ikauliza kama ana uhakika. Akaijibu kwa sauti, kama anayejibu mtu: "Nina uhakika. Afutike. Afutike mbele ya mume wangu na nyuma yake." Akabonyeza.

Ukuta ukabaki mtupu. Mkono wake wa kushoto ukaingia baridi.

Ukumbini, akabonyeza. Baridi ikafika begani. Ngazini, akabonyeza. Akainuka azime feni, akakuta feni haikuwa imewashwa. Akakaa. Akabonyeza. Akabonyeza. Chumba cha saba akamkazia macho yule aliyeinama, akabonyeza, na kwa kitambo kidogo hakusikia moyo wake. Halafu ukarudi, au alidhani umerudi. Akahifadhi kazi. Akafuta hata nakala za akiba, isibaki hata nukta moja.

Kesho yake, Jumatano, alipanda ngazi za ofisi. Taa ya ujia huwaka yenyewe mtu akipita. Haikuwaka. Akarudi chini, akapanda tena. Giza. Nyuma yake akapanda muuza miwani, taa ikawaka. "Hamjambo," muuza miwani akasalimia, akitazama upande wa taa. Mchana alikwenda dukani, mlango wa kioo unaofunguka wenyewe ukakataa. Alisimama pale mpaka akaja mtu mwingine. Alipokuwa anaingia nyuma yake, mlango ukajifunga ukambana bega, kama vile katikati hapakuwa na mtu.

Jioni, jua bado liko dirishani, kaka alirudi ofisini. Akafungua kompyuta, akapekua chumba baada ya chumba. Akageuka taratibu.

"Milimita. Umemfuta."

"Nimemfuta hawara yako, ndiyo."

"Hukumpima."

"Nimpime wa nini?"

Kaka akatoa daftari dogo mfukoni, lile analobeba kazini. Ana kompyuta bapa anayotazamia nukta papo hapo, na Jumatatu ile alikuwa amemwona mwanamke. Alikuwa amempima. Akasoma kwa sauti ya chini, bila kumtazama mkewe. "Urefu mita moja na sentimita sabini na moja. Chumba cha kulala, ameinama, mkono wa kushoto unaonekana. Kiwiko kimepinda kwa nje."

Wifi akakishika kiwiko chake.

"Nilidhani unakuja kunichungulia," kaka akasema. "Nikanyamaza nisikuaibishe mbele ya mfanyakazi. Iliniuma, lakini nikanyamaza. Ulikuwa unaingilia wapi, mke wangu? Madirisha yote yana nondo."

"Sijawahi kukanyaga nyumba ile."

Aliniambia kwamba hapo ndipo alipokumbuka kila asubuhi. Gari likiwaka, yeye hukaa kwenye kiti chake na kufumba macho, halafu huwafuata kwa mawazo. Anaingia nao mlangoni. Anapita nao ukumbini. Anasimama kando akimtazama mumewe, anasogea, anasogea. Alifanya hivyo kila siku tangu Kicheko aajiriwe, na Jumatatu ile kwa nguvu kuliko siku zote, na jioni alikuwa anachoka miguu kama mtu aliyetembea kweli.

"Nipime," akamwambia mumewe.

Kuna kileza kidogo cha mkononi, unakielekeza kwenye kitu kinakupa umbali. Wifi akasimama katikati ya chumba. Kaka akakielekeza kifuani pake. Nukta nyekundu haikutua kwenye blauzi. Kaka akasoma.

"Mita tatu na sentimita arobaini na mbili."

Huo ulikuwa ukuta nyuma yake.

"Pima tena."

"Tatu na arobaini na mbili."

"Tena, bwana. Tafadhali."

Alipima mara tisa. Kaka yangu ni mwanamume mzima, alilia kwa sauti mpaka muuza miwani akagonga dari kwa fagio.

Alhamisi asubuhi walikwenda nyumba ile. Lilikuwa wazo la Wifi: alikofutwa, huko huko arudishwe. Kicheko alikubali kwenda kwa huruma tu, na namheshimu mpaka leo kwa hilo. Wifi akasimama sebuleni kando ya mlango, pale pale. Kaka akawasha mtambo, akatoka, akafunga. Mtambo ukazunguka. Kisha Kicheko akaingia, akapiga picha huku machozi yanamtoka. Wifi alikuwa anaonekana vizuri kabisa kwenye kamera.

Ofisini kaka akazilaza nukta juu ya picha, karatasi sita. Wifi amesimama nyuma ya kiti chake. Kosa likashuka, likashuka, likafika sifuri. Programu ile haijawahi kutoa sifuri.

Kwenye nukta hapakuwa na mtu. Ukuta ulikuwa mzima, wala hapakuwa na kivuli. Rangi zilipoingia, Wifi akajiona ukutani, bapa, blauzi yake, kiwiko chake, macho yake. Bango.

Akaja kwangu moja kwa moja. Ndipo aliponisimulia yote haya. Nilimwekea kiti chenye mto, akakaa, na mto haukubonyea. Nikajifanya sijaona.

"Unajua, wifi," akaniambia akiinuka, "nilipojiona pale niliogopa. Halafu nikagundua kitu. Pale ukutani, namwona yeye chumba kizima. Hakuna kona ananipotea." Akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Ijumaa alfajiri kaka alipiga simu. Walilala pamoja, amemshika mkono. Alipoamka alikuwa ameshika mkono wa gauni la kulalia. Gauni limelala bapa kitandani, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu. Milango imefungwa kwa ndani. Polisi walikuja, wakaandika, wakaulizana, wakaondoka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, watu wakasema, lakini wao hawakumjua. Mimi nilimpenda na wivu wake.

Ile sebule mafundi waliipaka rangi mara tatu. Kando ya mlango panarudi unyevu, urefu wa mita moja na sabini na moja, na upande wa kushoto una kipindo kama mkono wa birika. Mwenye nyumba ameweka kabati.

Hiyo ni nyumba moja. Kaka anaendelea na kazi, siku hizi peke yake, kamera anashika mwenyewe. Kicheko aliacha. Akaja mwingine, akakaa siku nne. Hakuna mwanamke anayedumu. Na kila jengo analopima sasa, jipya au kuukuu, akilaza nukta juu ya picha, kuna ukuta mmoja wenye bango. Hakulipiga picha yeye, lakini lipo. Halifuti. Analipima, analiandika kwenye daftari la kijani, anasema, "Habari za leo, Milimita," anafunga kompyuta. Amekonda, lakini sijamwona akimtazama mwanamke mwingine. Wifi alitaka awe wake peke yake, na amekuwa.

Ningeishia hapo. Ila wiki iliyopita nilimpelekea kaka chakula huko kazini, kwenye jengo la shule. Nikamkuta amechoka, nikamkumbatia kama ndugu, nikamfuta vumbi usoni kwa leso yangu. Juzi akaniita ofisini, hana raha, akaniomba nitazame.

Bango lilikuwepo, ukutani mwa darasa. Siku zote huwa linaitazama kamera, kumtazama anayeishika. Safari hii kichwa kilikuwa kimegeukia mlango wa darasa, pale nilipokuwa nimesimama nikimfuta kaka vumbi.

Mimi ni dada yake, jamani. Tumbo moja.

Leso ile siioni mpaka leo. Na tangu juzi taa ya ujia pale juu ya duka la miwani hainiwakii.